Je, haki za raia wa Marekani zinamomonyoka, na bunduki ndiyo ya kwanza kwenda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Columbus, Ohio, na nimekula kiapo cha uraia wa Marekani. Ghalani ninakofanya kazi wenzangu hawachoki kusema kwamba haki za raia zinaondolewa kidogo kidogo, kwamba watawala wataanza na bunduki, na hizo zikishaondoka nyingine zitafuata bila upinzani. Wananihimiza ninunue bastola mapema, kabla mlango haujafungwa. Je, Katiba niliyoapa kuilinda inamomonyoka kweli, na hilo la bunduki lina ukweli gani?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa uraia. Wenzako wamekosea kuhusu bunduki, lakini hawajakosea katika kila kitu. Haki ya kumiliki silaha imepanuka katika mahakama za Marekani tangu mwaka 2008 kuliko karibu haki nyingine yoyote, na katika jimbo lako imepanuka kwa kasi kuliko wengi wanavyokumbuka. Zinazopungua ni haki nyingine, tena hazipungui kwa namna wanayoihofia wao, yaani kwa kufutwa katika maandishi ya Katiba. Maandishi yapo palepale. Kinachopungua ni njia ya kuzidai: raia aliyevunjiwa haki anakosa mahakama ya kumsikiliza, au anasikilizwa na kuonekana ana haki lakini harudishiwi chochote, au anaambiwa kwamba haki hiyo alikwisha kuiacha kwa hiari yake mwenyewe.

Tuanze na bunduki, maana huko ushahidi uko wazi zaidi. Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliidhinishwa mwaka 1791 pamoja na mengine tisa, na yote kumi huitwa Hati ya Haki. Kwa Kiingereza ni sentensi moja ya maneno 27, inayoanza kwa kusema kwamba mgambo uliopangwa vyema ni jambo la lazima kwa usalama wa dola huru, ikamalizia kwamba haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba haitavunjwa. Wanasheria wamebishana kwa vizazi kama nusu ya kwanza inaifunga nusu ya pili, lakini kwa muda mrefu ubishi huo ulikuwa wa vitabuni tu, kwa sababu tangu 1791 hadi 2008 Mahakama ya Juu haikuwahi hata mara moja kufuta sheria kwa hoja kwamba imevunja Marekebisho ya Pili. Mwaka 1876, katika kesi iliyotokana na mauaji ya makumi ya watu weusi huko Colfax, Louisiana, majaji walisema kwamba kifungu hicho kinaizuia serikali ya shirikisho, yaani ile kuu ya Washington, peke yake, wala si majimbo. Weusi walionyang'anywa silaha na kuuawa na majirani zao hawakuwa na la kudai chini yake. Mwaka 1939 walikataa kukitumia kuwalinda watu wawili waliosafirisha bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu, kwa kuwa hakuna aliyeonyesha uhusiano wa bunduki ya namna hiyo na kazi za mgambo.

Katika kipindi hicho Kongresi ilitunga sheria za silaha bila hofu ya mahakama. Mwaka 1934, baada ya miaka ya magenge ya pombe haramu, iliweka kodi ya dola 200 kwa kila bunduki ya rashasha, kiasi kilichokaribia bei ya bunduki yenyewe. Mwaka 1968, mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy, ilizuia biashara ya bunduki kwa njia ya posta na kutaja makundi ya watu wasioruhusiwa kuwa na silaha. Mwaka 1986 ilifunga kabisa uuzaji wa rashasha mpya kwa raia, ingawa sheria hiyohiyo iliikataza serikali kuu kuweka daftari la taifa la wamiliki wa bunduki, katazo ambalo nina hakika halitajwi sana ghalani kwenu. Mwaka 1994 ilipiga marufuku aina kadhaa za bunduki zenye umbo la kijeshi, na marufuku hiyo ikafa yenyewe mwaka 2004 bila kuhuishwa. Na kama kuna anayeamini kwamba kuzuia silaha ni mradi wa chama kimoja tangu mwanzo, akumbuke kwamba mwaka 1967 sheria ya California ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani, iliyowalenga vijana wa Black Panther, kikundi cha kutetea haki za weusi, ilitiwa saini na gavana Ronald Reagan.

Mwaka 2008 hali iligeuka. Dick Heller alikuwa mlinzi aliyebeba bastola kazini mjini Washington, lakini sheria ya mji huo ya mwaka 1976 ilimkataza kuwa nayo nyumbani kwake. Alishinda katika Mahakama ya Juu kwa kura 5 za majaji dhidi ya 4. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, wala haidai mtu awe mwanamgambo. Aliongeza aya ambayo wenzako hawaitaji na wapinzani wao hawaachi kuitaja: kwamba makatazo ya muda mrefu yanayowahusu wahalifu na wagonjwa wa akili, au kubeba silaha shuleni na katika majengo ya serikali, hayajaguswa. Mwaka 2010 Otis McDonald, mstaafu wa Chicago, alisababisha haki hiyo iyafunge majimbo na miji pia. Kisha tarehe 23 Juni 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaanguka sheria ya New York iliyodumu zaidi ya miaka 100, ambayo ilimtaka mwombaji wa kibali cha kubeba bastola aonyeshe sababu ya pekee inayomtofautisha na watu wengine. Majaji hawakuishia hapo. Waliweka kipimo kigumu kwamba serikali inayotaka kuzuia silaha sharti ithibitishe kuwa kizuizi chake kinalingana na desturi ya kihistoria ya nchi. Mwaka 2024 mahakama hiyohiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ya kumtishia mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha kwa muda wa amri hiyo. Wapo wanaoiita hukumu hiyo kurudi nyuma. Mimi sioni namna mahakama ingeamua vinginevyo ikabaki na akili zake.

Sasa tazama Ohio. Katiba ya jimbo ya mwaka 1851 ina kifungu chake yenyewe cha haki ya silaha, ambacho kingebaki hata kama yale Marekebisho ya Pili yangefutwa kesho. Hadi mwaka 2004 kubeba bastola iliyofichwa katika jimbo hilo lilikuwa kosa la jinai. Mwaka huo leseni zikaanza kutolewa na masherifu. Mwishoni mwa 2006 bunge la jimbo, likiishinda kura ya turufu ya gavana, liliikataza miji kujitungia masharti yake ya bunduki, na ndiyo sababu mji wako wa Columbus huishia mahakamani kila unapojaribu. Mwaka 2021 uliondolewa wajibu wa kujiepusha kwanza, hata nje ya nyumba na gari, kabla ya kujitetea kwa silaha. Tarehe 13 Juni 2022, siku kumi kabla ya hukumu ya New York, mtu wa miaka 21 au zaidi asiyezuiwa na sheria aliruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa bila leseni na bila mafunzo, wala halazimiki kumwambia polisi kwamba anayo mpaka aulizwe. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 yamefanya kama hivyo. Sijui haki nyingine ya raia iliyosafiri umbali huo ndani ya miaka 18.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba wenzako wanaota. Anayeishi New York alishuhudia jimbo likijibu hukumu ile, ndani ya siku chache, kwa sheria mpya iliyojaza orodha ya mahali ambapo bastola ni marufuku, kuanzia treni za chini ya ardhi hadi bustani za umma. Illinois ilipiga marufuku uuzaji wa aina nyingi za bunduki za kujijaza mwanzoni mwa 2023. Majimbo yapatayo 20, Ohio si mojawapo, yana sheria inayomruhusu jaji kuamuru silaha za mtu anayeonekana hatari zichukuliwe kwa muda, na amri ya kwanza huweza kutolewa kabla mwenyewe hajasikilizwa. Naelewa sababu zake, lakini naelewa pia kwa nini mtu aliyezoea kusikilizwa kwanza anashtuka.

Mahali ninapokubaliana nao bila kigugumizi ni katika katazo la maisha kwa waliotiwa hatiani kwa makosa yasiyo ya fujo. Mtu mmoja wa Pennsylvania alikiri mwaka 1995 kwamba alidanganya katika fomu ya msaada wa chakula kwa familia yake, fedha zenyewe zikiwa dola 2,458. Hakufungwa hata siku moja. Lakini kwa kuwa kosa lake lingeweza kisheria kuadhibiwa kwa kifungo kirefu, sheria ya shirikisho ilimhesabu pamoja na majambazi, na miaka mingi baadaye alipojaribu kununua bunduki akakataliwa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimpa haki mwaka 2023, na tena mwaka 2024 kesi iliporudishwa kwake. Mtego mwingine uko mlangoni kwako. Wapiga kura wa Ohio walihalalisha bangi Novemba 2023, na duka linaiuza kwa risiti. Lakini sheria ya shirikisho inamkataza mtumiaji wa dawa iliyopigwa marufuku na shirikisho kuwa na bunduki, na adhabu yake inafika miaka 15. Kifungu hicho kimepingwa mahakamani zaidi ya mara moja. Ukiwa na bunduki kabatini, usikae ukisubiri kuwa mfano wa kesi nyingine.

Niongeze jambo moja kwa kuwa umetoka kwetu. Tulikokulia, silaha ni kibali kinachotolewa na dola, na hakuna ibara ya Katiba ya Tanzania wala ya Kenya inayosema vinginevyo. Lakini katiba zetu zina kitu ambacho Katiba ya Marekani haina: ibara inayoeleza jinsi haki inavyoweza kuwekewa mipaka. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiwango kinachofaa na kuhalalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Ibara ya 30 ya Tanzania inaweka mipaka kwa maneno mengine, mapana kuliko ninavyopenda. Marekani majaji walilazimika kujitungia vipimo hivyo, kimoja kwa maneno ya mtu, kingine kwa nyumba yake, kingine kwa bunduki yake. Jopo la majaji likibadilika kipimo nacho hubadilika, na haki inaweza kukua au kusinyaa bila herufi moja ya Katiba kuguswa.

Kuliona hilo huhitaji kutoka Ohio. Tarehe 31 Oktoba 1963, katika barabara ya Euclid mjini Cleveland, askari kanzu Martin McFadden aliwaona wanaume wawili wakipita na kurudi mara nyingi mbele ya dirisha la duka, wakichungulia ndani. Aliwafuata, akawauliza majina, wakamumunya jibu. Akamshika mmoja wao, John Terry, akamgeuza, akampapasa juu ya koti, akakuta bastola. Hakuwa na hati ya upekuzi wala ushahidi wa kosa lililotendeka. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba polisi mwenye shaka yenye msingi anaweza kumsimamisha mtu na kumpapasa kutafuta silaha. Kosa alilofungwa nalo Terry lilikuwa kubeba bastola iliyofichwa. Leo mtu wa miaka 21 au zaidi asiyezuiwa na sheria akisimama palepale na bastola chini ya koti hana kosa kwa sheria ya Ohio, ila polisi mwenye shaka yenye msingi bado ana ruhusa ya kumsimamisha na kumpapasa, ruhusa ambayo kabla ya 1968 mahakama hiyo haikuwa imeitamka. Kwenye kipande kimoja cha barabara haki ya silaha imekua, na haki ya kutoguswa na polisi bila hati imepungua.

Nyumba nako ni hivyohivyo. Mei 1957, mjini Cleveland tena, polisi walivunja mlango wa Dollree Mapp wakimpungia karatasi waliyodai ni hati. Aliinyakua akaitia kifuani, wakapigana naye mpaka wakaichukua, na mahakamani hakuna hati yoyote iliyoonyeshwa. Mwaka 1961 majaji waliamua kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi wa aina hiyo hauwezi kutumika dhidi ya mtu katika mahakama za majimbo. Kanuni hiyo bado ipo vitabuni, lakini imetobolewa: mwaka 1984 kwa polisi walioamini kwa nia njema kwamba hati yao ni halali, mwaka 2006 kwa polisi walioingia bila kubisha hodi inavyotakiwa, mwaka 2009 kwa kosa la uzembe wa makarani, mwaka 2016 kwa mtu aliyesimamishwa isivyo halali lakini akakutwa na hati ya zamani ya kukamatwa kwake. Hakuna hukumu hata moja iliyosema polisi wanaruhusiwa kukuvunjia nyumba. Kila moja ilipunguza tu kile unachopata wakishakuvunjia.

Ya tatu inakuhusu zaidi wewe unayeendesha gari. Mwaka 1992, kaskazini ya Dayton, msaidizi wa sherifu alimsimamisha kijana aliyekuwa akienda kasi, akamwonya kwa mdomo, akamrudishia leseni, kisha kabla hajaondoka akamuuliza kama ana kitu chochote haramu garini na kama anaweza kupekua. Kijana akakubali, na ikapatikana bangi kidogo na kidonge kimoja. Mahakama ya Ohio ilitaka polisi wamwambie mtu kwanza kwamba yuko huru kwenda. Mahakama ya Juu mwaka 1996 ikasema Katiba haiwalazimishi. Watu wetu waliolelewa kumheshimu askari huitikia maombi hayo haraka kuliko Wamarekani wenyewe. Kusema kwa upole kwamba hukubali kupekuliwa ni haki yako, na kukataa peke yake hakumpi askari sababu ya kupekua. Ukikubali, haki yako ya Katiba imeisha hapo hapo kando ya barabara, na hakuna aliyekunyang'anya.

Haki ya kuhukumiwa mbele ya jopo la raia nayo imepotea kwa namna hiyohiyo, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote, ingawa hakuna anayeandamana kwa ajili yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe iliandika kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika za majimbo, hutokana na mshtakiwa kukiri kosa. Mwendesha mashtaka huweka mezani miaka 20 ukishindwa mahakamani na miwili ukikiri leo, na hata asiye na hatia hupiga hesabu. Katika kesi za madai, karatasi ulizotia saini siku ya kwanza kazini huenda zina kifungu kinachosema kwamba ugomvi wako na mwajiri utaamuliwa na mwamuzi binafsi, bila jaji wala jopo. Zitafute usome.

Sasa tuseme umevunjiwa haki na unataka kudai. Mwaka 1871 Kongresi, ikipambana na Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua weusi, ilimruhusu mtu yeyote kumshtaki ofisa wa jimbo au mji aliyemnyima haki ya Katiba. Ni sheria nzuri, na ingali hai. Lakini majaji waliwajengea maofisa kinga ambayo haimo katika maandishi yake, na tangu 1982 kipimo chake ni kwamba ofisa halipi kitu isipokuwa haki aliyoivunja ilikuwa imekwisha kuthibitishwa wazi wakati ule, jambo ambalo mahakama nyingi hulielewa kuwa lazima iwepo hukumu ya awali yenye mazingira yanayokaribia kufanana kabisa. Tangu 2009 jaji anaweza kumwachilia ofisa kwa kinga hiyo bila hata kusema kama haki ilivunjwa au la, kwa hiyo atakayefuata kutendewa vilevile naye atakosa hukumu ya awali ya kuitegemea. Kwa maofisa wa shirikisho hali ni mbaya zaidi, maana sheria ya 1871 haiwagusi. Mahakama ilifungua njia ya kuwadai fidia mwaka 1971, ikaibana kwa miaka mingi, na mwaka 2022, katika kesi ya mwenye nyumba ya wageni karibu na mpaka wa Kanada aliyesema alisukumwa na kuangushwa na askari wa mpakani, ikaacha upenyo mdogo usiopitika kwa wengi. Juni 2025 ikaongeza kwamba jaji wa mahakama ya chini, kwa kawaida, hawezi kuizuia amri ya serikali nchi nzima, bali awalinde walioleta kesi mbele yake. Wengine watafute kesi ya pamoja au walete yao. Wenzako wakitaka kuona mmomonyoko, wautazame hapo.

Wala usidhani kwamba zamani kila haki ilikuwa nzima. Mwaka 1918 huko Canton, Ohio, Eugene Debs alihutubia mkutano akiipinga vita. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10, na mwaka 1919 majaji wote wa Mahakama ya Juu waliikubali hukumu hiyo. Miaka 50 baadaye, katika kesi nyingine ya Ohio, mahakama hiyohiyo ilimwachilia kiongozi wa Ku Klux Klan aliyetoa vitisho mbele ya kamera, ikisema maneno hayawezi kuadhibiwa isipokuwa yamekusudiwa kuchochea uvunjaji wa sheria papo hapo na yana uwezekano wa kuuleta. Kipimo hicho ndicho kinachowalinda wenzako wanapoitukana serikali wakati wa chai. Kadhalika, mwaka 2014 majaji wote tisa walikubaliana kwamba polisi hawapekui simu ya mtu waliyemkamata bila hati ya jaji, ila ukitua uwanja wa ndege ukitokea Dar es Salaam afisa wa forodha huifungua bila hati hiyo, na mahakama nyingi humkubalia kwa upekuzi wa kawaida.

Na haki inaweza pia kuondolewa kwa siku moja, bila kumomonyoka. Siku iliyofuata ile ya hukumu ya bastola ya New York, tarehe 24 Juni 2022, majaji walewale waliifuta haki ya kutoa mimba iliyokuwa imetambuliwa tangu 1973. Utakavyoihukumu ni shauri la dhamiri yako na dini yako; ninalotaka uone ni utaratibu. Novemba 2023 wapiga kura wa Ohio, karibu asilimia 57, waliiandika haki hiyo katika katiba ya jimbo lao, mahali ambapo majaji wa Washington hawawezi kuifuta kwa kalamu ileile. Raia wa Marekani anaishi chini ya katiba mbili, na wengi wa wanaolia na moja hawajawahi kuisoma ya pili.

Kwa kuwa uraia wako ni wa kuapishwa, jua kwamba katika haki zote nilizozitaja uko sawa na mzaliwa. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1967 kwamba serikali haiwezi kumvua mtu uraia bila ridhaa yake. Kinachobaki ni uraia uliopatikana kwa udanganyifu, na mwaka 2017, katika kesi ya mkimbizi kutoka Bosnia aliyeishi Ohio, majaji walisema kwamba katika mashtaka ya jinai uongo wowote hautoshi. Sharti uwe na uzito katika kuupata uraia wenyewe. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba itazipa kesi za kuvua uraia kipaumbele zaidi. Nakala za fomu zako zote za uhamiaji ziweke mahali salama.

Kuhusu kununua bastola sasa, hakuna sababu ya kisheria ya kukimbilia. Ukiamua kununua kwa sababu zako, kwa mwenye duka utajaza fomu ya shirikisho nambari 4473 na rekodi zako zitachunguzwa. Jibu kila swali kwa ukweli, maana uongo katika fomu hiyo wenyewe ni kosa la jinai la shirikisho. Usimnunulie mtu mwingine, hata ndugu, hasa aliye nchini kwa viza ya muda au asiye na makaratasi. Tangu 2022 kumnunulia silaha mtu ambaye sheria inamkataza kuwa nayo ni kosa la shirikisho la hadi miaka 15. Mwajiri wako ana haki ya kuipiga marufuku ndani ya ghala. Na ingawa Ohio haidai tena leseni, ichukue kwa sherifu. Majimbo mengine huitambua leseni hiyo ingawa hayatambui uhuru wa Ohio, na sheria ya shirikisho inakataza kubeba silaha ndani ya futi 1,000, yaani kama mita 300, kutoka shule, isipokuwa kwa mwenye leseni ya jimbo ilipo shule. Kwa mji kama Columbus, ni vigumu kwenda kazini bila kupita karibu na shule. Ukija likizo Tanga iache huko huko: kuitoa Marekani kuna masharti yake, kuiingiza Tanzania kunahitaji kibali, na hapa hakuna Marekebisho ya Pili ya kumsomea askari wa bandarini.